Kontrola ya miguu kwa mpiga kinanda anayetumia kompyuta: ipi ununue, na kwa nini wimbo unachelewa kuanza

*Habari za kazi, mtaalamu. Napiga kinanda kanisani hapa Mbeya, na Jumamosi huwa tunapiga kwenye harusi na sendofu, wakati mwingine hadi Tukuyu na Makambako. Kinanda changu ni cha funguo 61, kinaingia kwa USB kwenye kompyuta mpakato ya Windows yenye programu ya muziki ya Ableton Live. Sauti zote zinatoka kwenye kompyuta, zinapita kadi ya sauti ya USB, zinakwenda kwenye miksa. Shida yangu ni mikono. Katikati ya wimbo inabidi niache kupiga nishike mausi ili nihame kutoka piano kwenda nyuzi, au nianzishe biti ya kusindikizia. Nataka kontrola ya MIDI ya miguu. Kuna mtu anauza Behringer FCB1010 iliyotumika, imetoka Marekani, ina vitufe kumi na pedeli mbili. Mwingine anauza ndogo ya Bluetooth yenye vitufe vinne. Kijana mmoja wa chuo anasema atanitengenezea kwa Arduino Uno. Ile ya Bluetooth niliiazima nikaijaribu: nikikanyaga, biti inaanza baada ya sekunde mbili hivi, na nikihamia nyuzi, nikiinua tu mguu inarudi piano. Nikaambiwa Bluetooth ndivyo zilivyo. Je, yenye vitufe vingi ndiyo bora? Pedeli za gitaa haziwezi kufanya kazi hiyo? Na umeme wetu nao unakatika.*

Ndugu yangu, umeuliza ununue ipi, lakini ndani ya swali lako kuna mambo mawili yaliyokusumbua ulipoijaribu ya kuazima: kuchelewa kwa biti, na sauti kurudi piano. Yote mawili hayakuletwa na Bluetooth. Ukinunua kontrola nyingine kabla hujayaelewa, hata iwe ya bei gani, yatakufuata. Kwa hiyo tuanze nayo, halafu uamuzi wa kununua utakuwa mwepesi.

Kontrola ya MIDI haina sauti ndani yake na wala haipitishi sauti. Ukikanyaga kitufe, inatuma ujumbe mfupi wa namba: aina ya ujumbe na chaneli (kati ya 16), namba ya kitu kinachoguswa, na thamani kuanzia 0 hadi 127. Basi. Kompyuta ndiyo inayoamua ujumbe huo umaanishe nini. Hata kwa ile kebo ya zamani ya pini tano, ambayo kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde (biti za kompyuta, si biti ya ngoma) tangu kiwango cha MIDI kilipotoka mwaka 1983, ujumbe mmoja wa namna hiyo unachukua karibu milisekunde moja. Bluetooth inaongeza milisekunde kadhaa, na mazingira yakiwa mabaya zinafika makumi. Lakini sekunde mbili ni milisekunde 2,000. Hakuna kontrola nzima inayochelewa kiasi hicho.

Kinachochelewesha ni Live yenyewe, tena kwa makusudi. Juu ya skrini, karibu na mahali pa tempo, kuna kisanduku ambacho kikiachwa kama kilivyokuja kimeandikwa "1 Bar". Maana yake ni kwamba klipu (kipande cha muziki kilichohifadhiwa ndani ya Live) yoyote utakayoianzisha wakati programu tayari inatembea itasubiri mwanzo wa bari inayofuata. Kwa tempo ya 120 na mapigo manne kwa bari, bari moja ni sekunde mbili kamili. Kwa wimbo wa kuabudu wa tempo 60 ni sekunde nne, na hapo ndipo mtu anakanyaga, anaona kimya, anakanyaga tena, anavuruga kila kitu. Kipimo ni rahisi: simamisha programu kabisa, kisha kanyaga. Biti ikianza papo hapo, umempata mchawi wako. Ukitaka ianze mguu unapogusa, badilisha "1 Bar" kuwa "None", au ingia kwenye mipangilio ya klipu hiyo moja tu uiwekee "None". Mimi ningeacha "1 Bar" kwa vipande vya ngoma na besi vinavyopokezana ndani ya sebene, kwa sababu kule kusubiri ndiko kunakovifanya viingie sawasawa, na ningeweka "None" kwa biti inayoanza baada ya mwimbaji kumaliza maneno ya utangulizi.

Kuna ucheleweshaji wa tatu ambao watu huutupia kontrola, nao ni wa kadi ya sauti. Bafa, yaani idadi ya sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa, ikiwa 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti inachelewa karibu milisekunde 12 kabla hata ya kuhesabu kazi za kadi yenyewe. Ikiwa 128 ni karibu milisekunde 3. Huo utausikia kwenye funguo za kinanda kwanza kabla ya kuusikia mguuni. Tumia draiva ya ASIO ya kadi yako, shuka hadi 256 au 128, na sauti ikianza kukwaruza panda hatua moja.

Sasa hili la kurudi piano. Kontrola nyingi zikitoka kiwandani, kitufe kinatuma ujumbe mara mbili: ukikanyaga kinatuma 127, ukiachia kinatuma 0. Hiyo ndiyo tabia ya kengele ya mlangoni, inalia ukiibonyeza na kunyamaza ukiiachia. Tabia nyingine ni ya kubaki: mkanyago wa kwanza unatuma 127, wa pili unatuma 0, na kuinua mguu hakutumi chochote. Nadhani piano na nyuzi umeziweka pamoja kwenye "Instrument Rack" moja (kasha la Live linalobeba sauti kadhaa) na kitufe umekiunganisha na "Chain Selector" (kipimo kinachochagua sauti ipi isikike). Basi kwa 127 ulikwenda kwenye nyuzi, kwa 0 ya kuinua mguu ukarudi piano. Kontrola ilifanya ilichoambiwa.

Dawa yake ni hii, na ningependa uijaribu hata kabla ya kununua chochote. Kwenye rack weka sauti zako kwenye minyororo, kila moja ipewe nafasi yake moja kwenye kipimo cha "Chain": piano 0, nyuzi 1, ogani 2, na shaba 3. Halafu panga vitufe vyote vinne vitume namba ileile ya CC ("Control Change", ujumbe wa MIDI wa kubadilisha thamani), tuseme CC 20, ila kwa thamani tofauti: kitufe cha kwanza 0, cha pili 1, cha tatu 2, cha nne 3, na kuachia kusitume kitu. Kisha bonyeza Ctrl+M kuingia hali ya kuunganisha MIDI, gusa "Chain Selector", kanyaga kitufe kimoja, bonyeza Ctrl+M tena kutoka. Muunganisho mmoja umebeba vitufe vyote. Uzuri wake ni kwamba sauti zote nne zimeshapakiwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kuhama ni papo hapo. Mtu anayefungua sauti mpya kutoka kwenye diski katikati ya ibada atasubiri sekunde kadhaa, na kosa atawapa wauza pedeli. Hakikisha tu kwenye ukurasa wa MIDI wa mipangilio ya Live, "Takeover Mode" iko "None". Ikiwa "Pick-Up", Live inasubiri thamani ipite pale kipimo kilipo sasa ndipo itii, na namba zinazoruka namna hii zinaweza kupuuzwa.

Papo hapo kwenye ukurasa huo, kwenye mstari wa kontrola ya miguu, washa "Remote" upande wa kuingia na uzime "Track". Ukiacha "Track" imewashwa na vitufe vyako vinatuma noti, utasikia kitufe ambacho hujakiunganisha na kitu kikipiga noti ya besi katikati ya maombi.

Jambo moja zaidi kuhusu Live, kwa sababu linawachanganya hata wenye uzoefu. Kuwasha na kuzima kifaa kama rivabu au mwangwi kwa CC kunafuata thamani: ikiwa ndani ya mipaka iliyowekwa kinawaka, ikiwa nje kinazima. Kwa hiyo kitufe cha tabia ya kengele kitawasha mwangwi kwa muda ule tu umekanyaga. Lakini ukikipanga kitufe hichohicho kitume noti badala ya CC, kila mkanyago unageuza hali: umezima, umewasha, umezima. Kanuni nayowapa wapiga vinanda ni CC kwa kuchagua sauti na kwa pedeli za kupandisha sauti, noti kwa kila kitu cha kuwasha, kuzima na kuanzisha. Ukiwa na kitufe cha tabia ya kubaki na programu nayo inageuza kwa kila noti, utajikuta unakanyaga mara mbili ili jambo moja litokee. Hapo geuza upande mmoja tu.

Kwa maelezo hayo utaona kwamba la kuuliza unaponunua si idadi ya vitufe. Uliza: kila kitufe naweza kukichagulia aina ya ujumbe, namba, thamani ya kukanyaga, na kama kuachia kutume au kusitume? Jibu likiwa ndiyo, vitufe sita vinakutosha kabisa. Likiwa hapana, vitufe kumi ni kumi vya kukusumbua. Hesabu kazi zako mwenyewe: sauti nne, kuanzisha biti, kusimamisha biti. Hizo ni sita. Ongeza pedeli moja ya kupandisha na kushusha nyuzi chini ya piano wakati wa kuabudu, na umemaliza. Mguu wa kulia unajua pedeli ya kushikilia sauti, wa kushoto ndio unaotafuta vitufe, nawe macho yako yako kwa kiongozi wa sifa. Vikizidi sita kwenye mstari mmoja mguu unaanza kubahatisha.

Tuje kwenye hizo ulizotajiwa. FCB1010 ni chombo imara, imedumu sokoni miaka mingi, na pedeli zake mbili ni faida kubwa. Lakini ile uliyoonyeshwa igeuze uangalie nyuma palipo na tundu la umeme. Iliyouzwa Marekani imeandikwa 120 V, na transfoma yake iko ndani, haina adapta ya nje unayoweza kubadilisha. Ukiichomeka kwenye 230 V ya TANESCO, imekufa kabla hujaiona ikiwaka. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, ambayo ni nzito na ni kitu cha ziada cha kusahau nyumbani siku ya harusi Makambako. Pili, haina USB. Inatoa MIDI kwa pini tano pekee, kwa hiyo utanunua na kebo ya kugeuza MIDI kuwa USB, na zile za bei ya chini kabisa nyingine hupoteza ujumbe pedeli inapotuma namba nyingi kwa haraka. Tatu, kuipanga kwa vitufe vyake yenyewe kunahitaji subira na kijitabu mkononi. Ndiyo maana watumiaji wengi hubadilisha chipu ya ndani wakaweka ile iitwayo UnO (si Arduino Uno). Kama ni ya 230 V, bei ni nzuri na una mtu wa kukusaidia kuipanga, ichukue. Hiyo ya 120 V ningeiacha.

Ya Bluetooth ya vitufe vinne haikuwa na kosa ulilodhani, na kwa mpiga gitaa mwenye simu au iPad ni msaada mkubwa. Kwako nina wasiwasi na Windows. Programu nyingi za muziki kwenye Windows hazizioni kontrola za Bluetooth moja kwa moja. Inabidi uweke draiva ya katikati kama ile ya KORG ya BLE-MIDI, na kila kitu cha katikati ni kitu kinachoweza kugoma asubuhi ya Jumapili. Halafu kuna betri ya kukumbuka kuchaji, na ukumbi wa harusi wenye simu mia tatu zinazotafuta mawimbi yaleyale. Ukiipenda bado, muulize muuzaji swali moja na umwombe akuonyeshe kwa vitendo: tundu lake la USB linapitisha MIDI, au ni la kuchaji tu? Likipitisha MIDI, itumie kwa waya na wasiwasi wangu wote umekwisha, isipokuwa uhaba wa vitufe na kukosa pedeli.

Pedeli za gitaa za kawaida, kama za kukwaruza sauti au za mwangwi, hazitakusaidia. Kitufe chake kinageuza njia ya sauti ndani ya kisanduku chake na hakimwambii mtu mwingine lolote. Mashine za gitaa zenye athari nyingi ni habari tofauti: baadhi hutuma MIDI kwa USB au pini tano. Fungua kijitabu chake nyuma utafute jedwali la "MIDI Implementation". Lisipokuwepo, au likionyesha kupokea bila kutuma, achana nayo.

Kijana wa Arduino msikilize, ila mrekebishe sehemu moja. Arduino Uno ya kawaida (R3) si chaguo la kazi hii. Chipu yake kuu haizungumzi USB yenyewe. Inapitia chipu nyingine, na Windows inaiona kama bandari ya COM badala ya kifaa cha MIDI. Ili ifike kwenye Live utahitaji programu mbili za kuunganisha, Hairless MIDI na loopMIDI, zifunguliwe kila mara. Mwambie atumie Arduino Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4, au Raspberry Pi Pico. Hizo kompyuta inazitambua kama kifaa cha MIDI mara tu unapochomeka, bila draiva.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kila swichi mguu mmoja unakwenda kwenye pini, mwingine kwenye ardhi ya bodi, na pini zinawekwa "INPUT_PULLUP". Swichi ziwe za kurudi zenyewe zinapoachiwa. Tabia ya kubaki iwekwe kwenye msimbo. Ndani ya msimbo lazima awe na subira ya milisekunde 10 hadi 20 baada ya kila mguso, kwa sababu vyuma vya swichi vikigusana hurukaruka kwa milisekunde chache na bodi inasoma mikanyago mitatu badala ya mmoja. Dalili yake ni ile ya kukanyaga kitufe cha mwangwi na kuona hakuna kilichotokea: kimewaka na kuzima kabla hujasikia. Pedeli ya kupandisha sauti ni poteshometa (kipinga kinachobadilika kinapozungushwa) ya kilo-omu 10, ncha mbili kwenye umeme wa bodi na ardhi, ya katikati kwenye pini ya analogi. Kwenye Pro Micro umeme huo ni volti 5, kwenye Pico usizidi 3.3 hata kidogo. Namba zinazosomwa kwenye Pro Micro, 0 hadi 1023, zinagawanywa kwa 8 kupata 0 hadi 127, na ujumbe utumwe pale tu thamani inapobadilika. Vinginevyo pedeli itamwaga namba mfululizo hata ikiwa imetulia. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya ncha ya katikati na ardhi inatuliza mtetemo uliobaki.

Kinachoua hizi za kutengeneza ni bati na tundu la USB, kuliko hata msimbo. Tundu dogo la Pro Micro limeshikwa na risasi kidogo tu. Mtu akijikwaa kwenye waya linang'oka na njia zake za shaba. Afunge kwenye ubavu wa kisanduku tundu la USB la mraba la aina ya B, kisha waya mfupi wa ndani uende kwenye bodi. Kisanduku kiwe cha chuma cha milimita 1.5 au 2. Mafundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa watakikunja vizuri ukiwapa vipimo. Vitufe viachane sentimita 8 kutoka katikati hadi katikati, maana siku za mvua utavaa buti. Kabla hujamlipa fedha ya mwisho, funga Live, fungua programu ya bure ya MIDI-OX, kanyaga kila kitufe mara mia, na hesabu mistari inayotokea kwenye skrini. Ikipungua au kuzidi hata mmoja, arudi mezani. Live ifungwe kwanza kwa sababu draiva nyingi za MIDI kwenye Windows huruhusu programu moja tu kwa wakati mmoja.

Faida yake ni kwamba ikiharibika Jumamosi, swichi unaweza kubadilisha Jumamosi hiyohiyo. Hasara ni kwamba anayeijua ndani ni yule kijana peke yake. Mwombe akuachie msimbo na mchoro wa nyaya, na nunua bodi ya akiba.

Kuna njia ya nne hukutajiwa: kontrola ya dukani yenye USB inayopata umeme kutoka kwenye kompyuta. Nektar Pacer ina vitufe kumi na matundu ya pedeli za nje. Morningstar MC6, ya kampuni ya Singapore, ni ndogo na kila kitufe kinaonyeshwa jina lake kwenye skrini. Zote mbili zinakuruhusu kupanga ujumbe wa kila kitufe. Ni ghali zaidi ya ulizotajiwa, na kwa kawaida utaagiza kupitia Dar, kwa hiyo ikileta hitilafu kuirudisha ni safari. Mtu anayepiga kila wiki kwa malipo, fedha ikiwepo, hii ndiyo ningemshauri. Ikiwa fedha haijakaa sawa, ningeenda kwa kijana na Pro Micro, na FCB1010 ya 230 V iwe ya tatu.

Lakini usinunue wiki hii. Chukua vitufe au padi za kinanda chako ambazo hutumii, au funguo mbili tatu za chini kabisa, uziunganishe kwa Ctrl+M kana kwamba ndizo kontrola. Kinanda ukiwashie "Remote" pamoja na "Track". Piga ibada mbili namna hiyo. Utagundua kitufe unachokihitaji kila wimbo na kile ulichodhani unakihitaji lakini hukukigusa. Hata kibodi ya namba ya USB inaweza kutumika kwa Ctrl+K (hali ya kuunganisha vitufe vya kompyuta), ingawa dirisha la Live likiwa si la mbele haitatii, kwa hiyo iwe ya majaribio.

Pedeli ya kupandisha sauti ukiinunua pekee, angalia nyaya zake. Roland na wengi wanaofuata mpangilio wake wameunganisha poteshometa kwenye ncha na pete ya plagi kwa namna moja, Yamaha kwa namna nyingine. Ukichomeka isiyolingana, sauti inaruka karibu na mwisho tu wa mkanyago au haishuki hadi sifuri. Tafuta yenye swichi ndogo ya kugeuza, kama M-Audio EX-P. Pedeli ya kushikilia sauti nayo ikifanya kazi kinyume, sauti inashikilia ukiiachia, zima kinanda na uwashe tena bila kuikanyaga. Vinanda vingi husoma aina ya pedeli wakati wa kuwaka. Na kila kabla ya ibada, peleka pedeli ya sauti chini kabisa kisha juu mara moja, ili Live ijue ilipo. Vinginevyo mguso wa kwanza utarusha nyuzi kutoka kimya hadi kileleni.

Kuhusu kukatika kwa umeme, kontrola ya USB ina faida ya wazi: kompyuta ina betri, na kontrola, kinanda na kadi ya sauti vinavyopata umeme wa USB vinaendelea. Spika zitanyamaza, lakini jenereta likiwaka unaendelea pale ulipo. Ile yenye umeme wake wa ukutani itawaka upya na hali ya vitufe vyake haitalingana tena na ya programu. Kwenye mipangilio ya nishati ya Windows zima "USB selective suspend", na kila kifaa kiwe na tundu lake lilelile siku zote, kwa sababu ukihamisha tundu Windows inaweza kukihesabu kama kifaa kipya na Live ikapoteza mipangilio yake. Matundu yakiwa machache, kadi ya sauti iingie moja kwa moja kwenye kompyuta, kontrola ipitie kigawanyio. Waya wa USB usizidi mita 5. Mita 3 zinatosha, ufungwe kwenye mguu wa stendi ili mtu wa kwaya akijikwaa avute stendi na si tundu.

Sakafu za kwetu nazo zihesabu. Tukuyu mvua ikinyesha, maji yanaingia na viatu, na kiangazi vumbi la Mbeya linaingia kwenye poteshometa hadi pedeli inaanza kuruka namba. Weka kontrola juu ya ubao wa sentimita 2 wenye mpira chini, ifunike baada ya kupiga, na pedeli ikianza kurukaruka ipulizie dawa ya kusafishia kontakti. Chagua pia swichi laini zisizopiga mlio. Kwenye maombi ya kimya "tak" ya swichi ngumu inasikika hadi benchi la nyuma, na mikrofoni iliyo karibu itaitangaza.

Kuna mambo usiyashughulikie kwa kusoma tu. Ukigusa kontrola ya chuma au mikrofoni ukasikia umeme ukikuchoma, hata kidogo, acha kupiga, zima, na umwite fundi umeme apime ardhi ya jengo au ya jenereta. Usikate wala usiruke pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa muungurumo. Muungurumo ukipotea unapochomoa chaja ya kompyuta, dawa ni DI (kisanduku cha kupitishia sauti kwenda kwenye miksa) yenye swichi ya kutenganisha ardhi kati ya kadi ya sauti na miksa. Kufungua FCB1010 kubadilisha transfoma ni kazi ya fundi wa vifaa vya umeme mwenye mita na leseni. Na ikiwa kontrola inapotea na kurudi kwenye Windows kila unapotikisa waya, hata ukibadilisha waya, tundu la kompyuta limelegea: mpelekee fundi wa kompyuta alichomelee upya kabla ya kununua kontrola yoyote.